Watoto Wasiofika Chumba cha Upasuaji: Utafiti wa Upasuaji wa Vichanga na Watoto Kibondo na Kasulu

Upasuaji wa watoto una makundi matatu ya wagonjwa. La kwanza ni vichanga, yaani watoto wa siku 28 za mwanzo, waliozaliwa na kasoro ya maumbile inayozuia chakula, hewa au haja kupita. La pili ni watoto waliougua baadaye: utumbo uliojiziba, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, ngiri iliyonasa. La tatu ni majeruhi: walioungua kwa uji au moto wa mafiga, walioanguka mwembeni, waliogongwa na bodaboda. Utafiti wa kitabibu katika fani hii hujibu maswali mawili. Ni watoto wangapi wanaohitaji upasuaji, na huishia wapi? Na kati ya njia mbili za kuwatibu, ipi inawafaa zaidi? Katika nyanda za juu za Kigoma swali la pili hujibiwa kwa matokeo yaliyopatikana kwingine. La kwanza halijaulizwa vya kutosha, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kibondo na Kasulu ziko kwenye miinuko ya Buha, mpakani na Burundi, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 2,470,967. Mtoto anayezaliwa na kasoro kijijini huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au hospitali ya misheni kama Kabanga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Kigoma mjini. Kutoka hapo rufaa huelekea Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, au Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hospitali ya wilaya hufanya upasuaji wa uzazi, ngiri na tumbo la dharura, na kwa miaka mingi mikono iliyoshika kisu huko imekuwa zaidi ya madaktari wasaidizi. Bingwa wa upasuaji wa watoto hupatikana mwisho wa safari hiyo ndefu.

Mkoa huu si mgeni katika utafiti wa upasuaji. Kati ya mwaka 1984 na 1991 Dkt. Godfrey Mbaruku aliongoza katika hospitali ya mkoa mpango wa kupunguza vifo vya wajawazito. Kila kifo kilijadiliwa, damu na dawa zikawekwa tayari, vifaa vikatengenezwa, wafanyakazi wakafundishwa upya. Taarifa aliyoichapisha pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995 ilionyesha vifo vikishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Mwaka 2009 Colin McCord, Mbaruku na wenzao walichapisha ulinganisho wa upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi, na matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kazi hizo mbili zilisomwa mbali sana na Kigoma, kwa sababu zilithibitisha jambo ambalo wengi walilitilia shaka: hospitali isiyo na bingwa inaweza kutoa ushahidi unaotegemewa, mradi daftari lake liwe limejazwa kwa uaminifu.

Lakini daftari la uzazi hufungwa mapema. Mtoto akishalia, akapimwa uzito na kutoka wodini, hesabu yake imekwisha. Aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, tumbo likaanza kuvimba siku ya pili akiwa nyumbani, hamo tena katika rejista yoyote. Akifa, atazikwa kama kichanga kilichofariki, na sababu haitaandikwa popote.

Ukubwa wa tatizo duniani unajulikana sasa kuliko zamani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Shirika la Afya Duniani yaliweka idadi ya watoto na vijana wasioweza kupata huduma ya upasuaji kuwa bilioni 1.7. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya mtandao wa watafiti wa upasuaji wa watoto ulioratibiwa na Naomi Wright wa King's College London. Hospitali 264 katika nchi 74 ziliandika kila mtoto aliyefika na mojawapo ya kasoro saba za njia ya chakula, kisha zikamfuatilia. Waliandikishwa watoto 3,849. Katika nchi za kipato cha chini walifariki asilimia 39.8, katika nchi za kipato cha kati asilimia 20.4, katika nchi tajiri asilimia 5.6.

Kasoro moja kati ya hizo saba inaeleza yote. Katika gastroskisisi mtoto huzaliwa utumbo ukiwa nje, umepitia tundu lililo kando ya kitovu, bila ngozi wala utando wa kuufunika. Viungo vyake vingine kwa kawaida ni vizima. Utafiti huo ulikuta asilimia 90 ya watoto hao wakifariki katika nchi za kipato cha chini, na asilimia 1.4 katika nchi tajiri. Uganda, taarifa ya mwaka 2016 kutoka Mulago, Kampala, ilitaja vifo vya asilimia 98. Kinachoua hapa ni baridi, ukavu, maambukizi na njaa, na karibu vyote huanza kabla ya kisu. Tiba iliyozoeleka siku hizi ni mfuko laini wa plastiki uitwao silo: utumbo huingizwa humo, mfuko ukaning'inizwa juu ya mtoto, na kwa siku chache utumbo hurudi tumboni kidogo kidogo. Hauhitaji dawa ya usingizi. Unahitaji mtoto afike mapema, akiwa na joto, utumbo ukiwa umefunikwa kwa kitu safi kisichopitisha maji, na mshipa wa dripu ukiwa umepatikana. Mambo hayo manne yanaweza kufanyika Kibondo. Hatua ya mwisho ngumu ni lishe kwa njia ya mshipa, na hiyo ni kazi ya hospitali kubwa.

Takwimu za hospitali zina mtego ambao msomaji wa nyanda za juu hana budi kuujua. Zinawahesabu waliofika tu. Tuseme katika eneo fulani wanazaliwa vichanga kumi wenye kasoro moja. Wawili wanafika hospitali ya rufaa, mmoja anapona: vifo vya hospitali ni asilimia 50. Halmashauri inanunua gari la wagonjwa, wakunga wanafundishwa kutambua dalili, na mwaka unaofuata wanafika wanane, wengi wao wakiwa hoi kwa sababu hao ndio waliokuwa wakifia njiani. Wanapona watatu. Vifo vya hospitali sasa ni asilimia 62.5. Anayesoma rejista ya hospitali atasema huduma imeharibika, ilhali waliopona wameongezeka mara tatu. Utafiti unaoanzia mlangoni mwa hospitali unaweza kuadhibu juhudi iliyofanikiwa. Kwa hiyo hesabu sahihi ya Kibondo na Kasulu haina budi kuanzia kwenye vizazi, pamoja na vile vya nyumbani, na siyo kwenye vitanda vya rufaa.

Mtego huo huo hujificha katika jinsia. Mvulana aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa mara nyingi hana pa kutolea haja. Tumbo hujaa haraka, naye hufikishwa hospitali ndani ya siku chache au hufa. Kwa msichana mwenye kasoro hiyo, mara nyingi kuna kijitundu kinachofungukia karibu na uke. Haja hupita, ijapokuwa kwa shida, na wazazi wanaweza kukaa miezi au miaka kabla ya kutafuta tiba. Rejista ya hospitali ya rufaa itaonyesha wavulana wachanga na wasichana wakubwa, na mtafiti asiye mwangalifu atadhani ugonjwa wenyewe una tabia hiyo. Dawa ya kosa hili ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani: mkunga amkague kila mtoto kabla hajatoka wodini, aone kwa macho kwamba tundu lipo na liko mahali pake, na aandike alichokiona. Kipengele kimoja katika fomu ya mtoto mchanga, kikijazwa kila siku kwa miaka mitatu, kingeipa Kigoma takwimu ambazo mataifa mengi ya Afrika hayana.

Kanda ya Ziwa imeshatoa sehemu ya picha. Watafiti wa Bugando walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa watoto wachanga 445 waliolazwa hospitalini hapo. Asilimia 29 walikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Miaka miwili kabla, Phillipo Chalya na wenzake walieleza wagonjwa 104 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya utumbo kutobolewa na homa ya matumbo. Huo ni ugonjwa wa maji machafu unaoishia mezani kwa daktari wa upasuaji, na kinga yake ni visima na vyoo. Kazi za namna hii ni za thamani, lakini zote zinasimulia habari za waliofika Mwanza.

Utafiti mmoja mkubwa wa ugonjwa wa upasuaji wa watoto ulioihusisha Tanzania ulizaliwa na hofu kuhusu chanjo. Mwaka 1999 chanjo ya kwanza ya virusi vya rota iliondolewa sokoni Marekani baada ya kuonekana kwamba baadhi ya watoto waliopewa walipata tatizo la kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata. Mtoto wa namna hiyo hulia kwa vipindi, hutapika, hutoa choo chenye damu na ute. Akicheleweshwa, utumbo huoza. Chanjo mpya zilipokuja, na Tanzania ikaanza kutoa mojawapo mwaka 2013, swali lilikuwa zito: je, chanjo inayozuia kuhara itawapeleka watoto kwenye kisu katika nchi ambako kisu kiko mbali? Nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilijibu kwa pamoja. Hospitali zilimwandika kila mtoto mchanga aliyethibitishwa kuwa na tatizo hilo, na kadi ya kliniki ikakaguliwa kuona tarehe za chanjo. Kwa watoto 717, watafiti walilinganisha siku zinazofuata chanjo na siku nyingine katika maisha ya mtoto yule yule, hivyo kila mtoto akawa kipimo chake mwenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha ongezeko la hatari.

Mbinu hiyo inastahili kusomwa kwa makini na halmashauri zisizo na fedha nyingi. Haikuhitaji kundi la watoto walionyimwa chanjo, wala mashine za gharama. Ilihitaji daktari anayeutambua ugonjwa, kadi ya kliniki iliyotunzwa na mama, na karani asiyeruka mstari. Kadi hiyo, ambayo kina mama wa Kasulu huifunga kwenye mfuko wa nailoni wakaiweka sandukuni, ni hati ya utafiti ya daraja la kwanza.

Kwa swali la pili, lile la njia ipi inafaa, mfano bora wa Afrika Mashariki uko Mbale, mashariki mwa Uganda. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alianza kazi hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika hospitali ya watoto ya CURE. Wagonjwa wake wengi walikuwa watoto wa kichwa kikubwa, ambao maji ya ubongo yamekosa njia ya kutoka. Tiba ya kawaida ilikuwa shanti, mpira mwembamba unaopeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Shanti huziba. Mtoto wa mjini ambaye shanti yake imeziba hufanyiwa upasuaji mwingine siku hiyo hiyo. Mtoto wa kijijini anaweza kufa kabla basi halijapita. Warf na wenzake, akiwamo John Mugamba, waliunganisha njia mbili: kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa darubini ili maji yapate njia, na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Taarifa ya mwaka 2005 iliyohusu watoto 550 ilionyesha kwamba, kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa pekee kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuchoma kwa asilimia 66.

Huo bado ulikuwa ulinganisho wa daktari mmoja na kazi yake. Jaribio la kweli lilikuja baadaye, na taarifa yake ikatoka mwaka 2017: watoto 100 wenye kichwa kikubwa kilichotokana na maambukizi, wote chini ya siku 180, waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja shanti, jingine darubini. Baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana ya kitakwimu. Tiba ilishindikana kwa asilimia 35 ya kundi la darubini na asilimia 24 ya kundi la shanti, tofauti ambayo nayo ingeweza kuwa ya bahati tu. Kwa mzazi wa Kibondo, jibu hilo ni kubwa. Ikiwa akili ya mtoto inakua sawasawa kwa njia zote mbili, basi umbali unaruhusiwa kuingia katika uamuzi, na mtoto asiyebaki na mpira unaoweza kuziba miaka mingi baadaye ana nafuu ambayo haikupimwa hospitalini.

Mbale ilitoa pia somo la bei. Katika utafiti wa watoto 195, shanti ya Kihindi ya Chhabra, iliyogharimu kiasi cha dola 35, ililinganishwa na ya Codman, iliyozidi dola 600. Baada ya mwaka mmoja hazikutofautiana kwa matokeo. Na kwa kuwa chanzo cha vichwa vingi huko kilikuwa maambukizi ya siku za uchanga, watafiti waliendelea kuitafuta bakteria yenyewe. Mwaka 2020 walitangaza kuikuta jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto wengi waliougua. Swali lililoanzia chumba cha upasuaji limefika kwenye kitovu cha mtoto, sakafu anayolala na mikono inayompokea. Mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa, una njia yake ya kinga: foliki asidi kabla na mwanzoni mwa mimba. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kama hicho kwenye chakula zimehusu unga wa viwanda vikubwa. Kasulu na Kibondo watu hula mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijiji, mihogo na maharage ya shambani, kwa hiyo kinga ya kiwandani huwapita wengi.

Si kila matokeo ya mbali yanaweza kubebwa hadi nyanda za juu. Jaribio la kimataifa lililohusisha watoto wachanga 722 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri liliwapa wengine dawa ya usingizi ya kuvuta, wengine ganzi ya mgongo wakiwa macho. Walipofika miaka mitano, akili zao zilikuwa sawa, na wazazi duniani wakaondolewa hofu kubwa. Lakini usingizi uliopimwa ulikuwa wa sevofluraini na wa muda mfupi, chini ya saa moja kwa kawaida. Hospitali nyingi za wilaya hutegemea ketamini, na jaribio lile halikuipima. Kinyume chake, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, lenye wagonjwa zaidi ya 13,000, watu wazima na watoto, linafaa bila marekebisho: timu ilipobadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, maambukizi ya kidonda yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kinachotakiwa ni glavu za ziada na seti ya pili ya vifaa vilivyotakaswa.

Ridhaa ni suala ambalo vitabu hulipitia haraka na wodi hulikuta kila siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Mzazi au mlezi ndiye anayeridhia kwa niaba yake, na mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa. Utafiti wa afya hupita kwanza kwenye kamati ya maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hayo ni ya ofisini. Wodini, mama amelazwa Kibondo akiwa na mshono wa upasuaji, na mtoto amepelekwa Kigoma mikononi mwa bibi au mama mdogo. Baba yuko shambani au safarini. Anayeweka dole gumba kwenye fomu usiku wa manane anaamini kwamba akikataa utafiti, mtoto hatatibiwa. Njia ya haki ni kutenganisha mambo hayo mawili waziwazi: tiba ianze bila fomu ya utafiti, mama apigiwe simu na kuelezwa kwa lugha anayoisikia vizuri, na ridhaa iombwe tena watu wakishatulia. Hali hii si udhuru wa kuwaacha vichanga nje ya utafiti. Kuwaacha nje ndiko kulikofanya waendelee kutibiwa kwa kubahatisha.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka huo huo. Watafiti wamekwisha kupita nyumba kwa nyumba Nyarugusu wakiuliza juu ya maradhi yanayohitaji upasuaji, na kazi hiyo ilikuwa na faida ambayo vijiji jirani havijaipata: ilimkuta mgonjwa kabla hajafika hospitali. Mkimbizi hutegemea kibali kutoka nje ya kambi na rufaa iliyoamuliwa na wengine, kwa hiyo uhuru wake wa kusema hapana ni mdogo. Anayemkuta mtoto mwenye ngiri, akaandika namba yake na kuondoka bila kumwandikia rufaa, amefanya kosa la kimaadili hata kama kamati ilimpitisha. Na vijiji vya Watanzania vinavyozunguka kambi vina haki ya kupimwa kwa dodoso lile lile, la sivyo takwimu zitaonyesha shida ya wakimbizi na kuificha ya wenyeji.

Tanzania ilizindua mwaka 2018 mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na dawa za usingizi, uliopangwa kufikia mwaka 2025. Mpango wowote unaoufuata utahitaji takwimu za wilaya, na zitapatikana tu kutoka wilaya zenyewe. Kwa Kibondo na Kasulu mambo ya kuanzia hayazidi uwezo wa halmashauri: ukaguzi wa kila kichanga kabla ya kutoka wodini na matokeo yake kuandikwa, rejista moja ya watoto waliopewa rufaa ya upasuaji, yenye safu ya namba ya simu ya mzazi na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na simu siku ya 30, hata kwa yule ambaye hakuonekana tena baada ya kuandikiwa rufaa, kuuliza kama mtoto yu hai. Hospitali za wilaya, Kabanga na Maweni zitumie rejista ya namna moja, na nakala irudi kwa mganga mkuu wa wilaya kila robo mwaka. Waganga wakuu wa wilaya hizo mbili waanze kazi hiyo bila kusubiri mradi wa wafadhili.